Mwalimu wa Taaluma Hakula

Kisiwani kwetu harusi ilikuwa haijaisha mpaka watu waulizane swali moja njiani wakirudi: Mwalimu kala? Hawakuuliza kwanza kama bibi harusi kapendeza, wala kama ngoma ilikolea. Mwalimu wa Taaluma kala, au hakula? Ikiwa kala, ilikuwa harusi ya heri. Ikiwa hakula, kijiji kizima kilijua kwamba yule binti aliyekaa chumbani na hina mikononi alikuwa na nafasi yake shuleni na wazazi wameitupa.

Hakuja kugombana na mtu. Alikuja kama mwalikwa yeyote, kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua kichwani, akaketi mbele kabisa kwenye jamvi, pale ambapo kila anayepita na sinia lazima amuone. Pilau ikitua, wenzake wakinawa, yeye mikono anaiweka magotini.

"Karibu, Mwalimu."

"Nashukuru, nimeshiba."

"Umeshiba nini na hujaonja?"

"Nimeshiba habari."

Basi. Anakaa vivyo hivyo mpaka sinia linaondolewa, anaitikia dua pamoja na wenzake, anaaga kwa adabu, anapanda baiskeli yake isiyo na breki na kwenda zake. Kwetu, ukikataa chakula cha mtu mbele ya watu, umemwambia neno zito kuliko tusi. Kuna baba mmoja wa Kiegeani ambaye baada ya harusi ya bintiye aliacha kusali Ijumaa kijijini. Alikuwa anapanda pikipiki mpaka Kilindoni, asije akakaa safu moja na Mwalimu.

Nimemjua mtu huyu tangu kaptula yangu ina viraka, na ninaandika habari zake nikiwa na hasira naye. Nasema mapema ili msomaji asingoje nimsifu hadi mwisho. Sifa zake nitazitaja kwa sababu ni za kweli. Hasira nayo ni ya kweli.

Alistaafu zamani. Shule imeshapata walimu wengine wa taaluma, wanaosimamia masomo na matokeo kama alivyosimamia yeye, lakini ukitaja Mwalimu wa Taaluma hakuna atakayekuuliza yupi. Na kazi yake hasa ilikuwa machaguo. Kabla ya mtihani wa kidato cha nne mtoto anajaza anakotaka kwenda akifaulu: kidato cha tano kwa masomo gani, au chuo gani. Hapo ndipo watoto wetu walipokuwa wakipotelea, kwa kosa ambalo sijaliona mahali pengine, na mimi nimekaa kwingi. Wazazi wetu hawakuuliza kama shule ina maabara. Hawakuuliza chuo kinafundisha nini. Waliuliza: kule tuna mwenyeji?

Kama shangazi alikuwa anauza vitumbua Lindi, mtoto alijaza Lindi. Kama hapakuwa na shangazi, hapakujazwa. Kuna mwaka karibu nusu ya darasa walijaza chuo kimoja cha kilimo huko bara. Hakuna aliyependa kilimo. Dereva wa chuo alikuwa mtu wa Ndagoni, na wazazi wakaona watoto wamepata ndugu. Nafasi hazikuwatosha. Wengi wakabaki, wakaingia kwenye pweza na mwani, na yule dereva mwenyewe akahamishwa.

Mwaka uliofuata Mwalimu aliwaita wazazi kwenye baraza la shule akapiga kelele hadi sauti ikamkauka. "Mwenyeji wa mtoto ni matroni! Mwenyeji ni maabara! Mwenyeji ni mlango unaofungwa kwa ndani! Mnataka nini zaidi, mpikiwe?" Mama mmoja akamjibu kutoka nyuma, "Sisi wengine si watu wa shule, Mwalimu." Akamgeukia. "Panda mtumbwi uende kwenye magofu ya Kua, mama. Angalia msikiti ule, angalia kuta zile. Waliojenga pale walikuwa wanasoma na kuandika wakati wengine hawajui kalamu. Watu wa shule ni wewe. Umesahau tu."

Alizijua shule za nchi hii kama mvuvi anavyozijua pepo na mikondo. Alijua ipi ina maji na ipi wasichana wanachota mtoni. Alijua kwamba kidato cha tano cha serikali kimefutiwa ada, jambo ambalo wengi wetu walilisikia kwake kwanza, wakadhani anawadanganya. Alijua kwamba anayekwenda chuo anaweza kuomba mkopo wa serikali, na kwamba mkopo hauulizi machozi yako, unauliza vyeti.

Kwa hiyo akawa mtu wa vyeti, na hapo ndipo alipochukiwa. Mtoto akizaliwa, watu wanakwenda kupongeza, yeye anauliza, "Cheti cha kuzaliwa mmeshughulikia?" Hilo lilivumilika. Lakini alikuwa akiuliza na msibani. Dada yangu alipofariki, aliniinamia tuko bado kwenye mkeka wa matanga, akaninong'oneza, "Cheti cha kifo kitafute sasa. Ukingoja, mtakuja kuhangaika." Nilitaka kumpiga. Wallahi nilitaka kumpiga, na kama si kaka yangu kunishika mkono ningempiga. Kisha nikaenda kukitafuta, kwa sababu dada aliacha binti mdogo, na yatima asiye na karatasi ya kuonyesha kwamba ni yatima, ofisini anaonekana ana wazazi wawili.

Na riba. Hili lazima nilieleze, maana watu wa bara hawalijui. Wako wazee waliokataa mkopo wa masomo kwa kuwa una nyongeza. Nilikuwapo siku mwenye boti mmoja alipomkatalia hadharani, pale penye kahawa.

"Mkopo wa serikali una riba, Mwalimu. Mimi simpeleki mwanangu motoni."

"Mashine ya boti yako ulinunuaje?"

"Alinipa tajiri wa samaki."

"Kakupa bure?"

"Anakata kwenye samaki."

"Hata siku mliyopata kidogo?"

"Hata siku hiyo."

"Mpaka lini?"

Mwenye boti akacheka, na baraza zima likacheka, kwa sababu hakuna anayejua mpaka lini. Mwalimu hakucheka. "Mwanao atakatwa akishapata mshahara. Wewe unakatwa na njaa yako. Ila mimi si sheikh. Inuka, twende kwa sheikh." Wakaenda kweli, wakiongozana, Mwalimu anasukuma baiskeli. Walichoambiwa sikijui. Ninachojua ni kwamba mtoto yule sasa ni tabibu, na baba yake anatibiwa bila kupanga foleni.

Nisiachwe nyuma katika habari hizi. Mimi Mwalimu hakunisaidia, na hili nalisema kwa fahari. Matokeo yangu ya kwanza yalikuwa mabaya, naye aliyatazama akasema, "Wewe mikono yako ina akili kuliko kichwa. Nenda kwa fundi baiskeli." Nilikwenda Dar es Salaam badala yake. Nilibeba samaki sokoni Feri alfajiri na kusoma jioni, nikarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea huku kucha zangu zinanuka vibua, na nikapata stashahada ya umeme ambayo hakuna mtu yeyote aliyeichangia. Leo chumba cha barafu kinachohifadhi samaki wa nusu ya wavuvi wa Kilindoni ni changu, na nimekifunga mwenyewe, waya kwa waya. Nyumba yangu ina vigae. Niliporudi nilimpelekea cheti changu kikiwa kwenye fremu. Akavaa miwani, akasoma kila neno, akanirudishia.

"Stashahada," akasema. "Shahada lini?"

Ndivyo alivyokuwa. Sifa alizipima kama dawa, akiogopa ukizidishiwa utalala.

Alikuwa na mambo yake ya ajabu. Aliyevusha watoto wa kisiwa kizima alikuwa mwoga wa bahari kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Ilikuwa boti ya kwenda Nyamisati, bara, haijang'oa nanga, yeye kashatapika. Safari za ofisini bara alizikwepa kwa visingizio vya kitoto. Mara mguu, mara mbuzi wake anakaribia kuzaa. Watoto aliwasindikiza mpaka gatini, akawapungia mkono akiwa amesimama mbali na maji. Tulikuwa tukimcheka. Sasa najua tulipaswa kuogopa badala ya kucheka.

Maana alikuwa na binti mmoja. Msichana mwenye akili kali, aliyekuwa akisahihisha hesabu za ubaoni kabla mwalimu hajamaliza kuziandika. Alifaulu kidato cha nne, akachaguliwa kwenda shule ya wasichana huko Nyanda za Juu, masomo ya sayansi. Wote tulijua atakwenda. Atakayemzuia nani? Baba yake ni Mwalimu wa Taaluma!

Tukaletewa kadi ya harusi.

Nilikuwa nimesharudi kisiwani wakati huo, na nilikwenda. Watu walikwenda wengi kuliko kawaida, na sijifichi, hawakufuata pilau. Walifuata kumtazama. Aliketi palepale anapoketi siku zote, kwenye jamvi la mbele, kanzu imepigwa pasi. Sinia likatua. Akanawa. Akachota tonge, akala. Akala mpaka mwisho, hajainua macho.

Alipoulizwa baadaye, kila mtu alimpa sababu yake. Huyu alimwambia mke wake mgonjwa anataka kuona mjukuu. Yule alimwambia mposaji ni mtu wa dini. Mimi nilimfuata nyumbani nikamuuliza macho kwa macho, na mimi ndiye aliyenipa ile ya kweli, bila kujua kwamba ameitoa.

"Kule mbali mno," akasema. "Hatuna mwenyeji."

Nikaondoka bila kuaga. Sikukanyaga tena kwake. Watu hudhani nilikasirika kwa sababu ya binti yake tu. Hapana. Tangu siku ile, mtu yeyote aliyetaka kumtoa mwanawe shule alikuwa na jibu mdomoni. Mwalimu akiweka mikono magotini, mwenye harusi anacheka: "Kula, Mwalimu, mbona kwako ulikula?" Ikawa mzaha. Watoto wakawa wanaimbiana njiani. Kisiwa kilikuwa na aibu moja iliyowasaidia wasichana, na yeye aliila kwenye sinia, tonge kwa tonge. Akaacha kwenda harusini. Ndoa yenyewe haikudumu. Yule bwana alikuwa mtu wa Kilwa, akaja kwa uvuvi wa msimu, na msimu ulipoisha akatuma talaka kwa simu. Binti akarudi, akajenga kibanda ubavuni mwa nyumba ya baba yake, akaanza kulima mwani.

Mwaka huu ikawa zamu yetu.

Mwanaidi, yule binti wa marehemu dada yangu, alipata matokeo ambayo nimeyabandika ukutani kwenye chumba changu cha barafu ili kila mvuvi ayaone. Akachaguliwa kidato cha tano, kombi ya sayansi, shule ya wasichana bara. Anataka udaktari. Cheti cha kifo cha mama yake kipo, cha kuzaliwa kipo, kwa hiyo hata huko mbele mkopo hautamsumbua. Godoro, ndoo, sare, hayo niliyanunua siku ileile. Na siku ileile nikasikia kwamba mnunuzi mmoja wa pweza ametuma watu kwa baba yake.

Nilimfuata shemeji yangu. Yeye ni mvuvi, mtu mpole, anayetawaliwa na mama yake.

"Shemeji, mtoto ana shule."

"Najua ana shule. Mama anasema mwali havuki bahari kwenda pasipo na mtu."

"Gharama zote juu yangu. Kila kitu. Mimi nimesoma, najua."

"Ndiyo tatizo lako, shemeji," akasema taratibu, akishona wavu. "Kila mtu keshajua umesoma. Pesa zako kanunulie samaki. Mwanangu hauzwi na wewe wala na mtu wa pweza. Alhamisi wageni wanakuja kula, mama keshawaitikia. Ukitaka njoo, karibu."

Nikapanda pikipiki, nikaondoka. Nilisema nilichosema na ningekisema tena. Lakini njiani nilifikiri: ingekuwa zamani, ningemleta Mwalimu. Angekaa kwenye jamvi lile na mikono magotini, na yule bibi kizee, anayeogopa maneno ya watu kuliko kaburi, angelegea. Hapo hasira yangu ikapata pa kwenda. Nikageuza pikipiki.

Nilimkuta barazani, Alasiri imeshasaliwa. Amezeeka. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, tairi halina upepo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mhandisi umepotea."

"Sikuja kusalimia." Nikamwambia yote, nimesimama. Nikamwambia kuhusu Mwanaidi na Alhamisi, kisha nikamwambia yaliyonikaa rohoni tangu ile harusi. Kwamba alitufundisha kukataa, halafu akala. Kwamba kila binti aliyeozwa tangu siku ile yumo kwenye hesabu yake. Sikumheshimu umri. Alinisikiliza kama anavyosikilizwa mkaguzi.

"Nilikula," akasema.

"Kwa nini?"

"Niliogopa. Nilimwona kwenye maji. Kila nikifumba macho namwona kwenye maji." Akafuta miwani kwa ncha ya shati. "Na Alhamisi nikienda mimi watanicheka, na haki wanayo. Mwanaidi wenu ataolewa juu ya kicheko changu. Sina la kukusaidia."

Wakati huo binti yake akatoka jikoni na sinia. Wali na samaki wa nazi, sahani moja. Akamwekea baba yake, akamnawisha mikono vizuri, kwa adabu yote. Akanisalimu. Kisha akatoka nje, akaketi kizingitini mwa kibanda chake, hatua chache tu kutoka pale, akaanza kula chakula kilekile kwenye bakuli lake.

Nilimtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa akitazama sahani.

"Hali kwangu," akasema kwa sauti ndogo. "Anapika hapa, anafua hapa. Tangu aliporudi hajatia tonge mdomoni ndani ya nyumba hii. Sijamuuliza. Namuuliza nini? Mimi ndiye niliyemfundisha."

Binti alikuwa anasikia. Akaweka bakuli chini. Vidole vyake vilikuwa vimekatwakatwa na kamba za mwani.

"Alhamisi saa ngapi?" akaniuliza.

"Baada ya Adhuhuri."

"Nitakwenda mimi."

Alhamisi tulikaa wanaume mbele, wanawake uani, katikati pana uzio wa makuti tu, usiozuia hata kikohozi. Wazee wa mnunuzi wa pweza walikuwa watu wa heshima, sina neno nao. Masinia yakatolewa. Shemeji akasema bismillahi. Na kabla tonge la kwanza halijafika mdomoni, tukasikia sauti ya yule bibi kutoka uani.

"Mwanangu, mbona huli? Chakula kibaya?"

"Chakula kizuri, bibi. Nimeshiba habari."

Mikono yote ikasimama. Hatukuwa tumeyasikia maneno yale kwa miaka.

Mwanamke mmoja akacheka huko ndani. "Ala! Nawe mtoto wa Mwalimu! Si kwenu kulilika? Baba yako si alikula?"

"Alikula," binti akasema. Hakupandisha sauti, ila kila mtu alimsikia. "Nilikuwa chumbani namwona kupitia dirisha. Mimi ndiye ile harusi aliyokula Mwalimu. Haya, nitazameni. Nilichaguliwa sayansi, kama Mwanaidi. Hii mikono ya mwani ndiyo pilau mliyokula siku ile, nyote. Leo mimi sili."

Hakuna aliyecheka tena. Nikasikia sinia likisukumwa juu ya mkeka. Kisha bibi akaita jina la mwanawe, mara moja tu. Shemeji akainuka, akaenda kwenye uzio, wakanong'onezana kwa muda ambao ulinimaliza. Aliporudi aliketi, akawatazama wageni wake, uso umemshuka.

"Wazee wangu," akasema, "karibuni mle. Ila leo ni chakula tu. Msichukue neno jingine hapa. Mtoto anakwenda shule."

Mzee mmoja wa wale wageni akasema, "Chakula ni riziki," akala. Nami nikala. Sikumbuki nimekula nini.

Siku ya Mwanaidi kuondoka nilichinja mbuzi nyumbani kwangu, asubuhi, kabla ya boti. Niliwaalika wote. Mwalimu alikuja kwa miguu, kanzu imepigwa pasi. Sikumkumbatia, na sikumwambia maneno mazuri, kwa sababu sina. Nilimwonyesha jamvi la mbele. Akanawa, akala sana, huku watu wakimtazama na yeye akijua. Binti yake alikula uani pamoja na wanawake, akacheka nao, akamkabidhi Mwanaidi mkoba na kumkumbusha avae koti la kujiokolea na asilivue mpaka Nyamisati.

Wakati wa kutoka walikutana mlangoni, mbele yangu, kila mmoja akitafuta viatu vyake.

"Leo umekula," Mwalimu akasema.

"Nimekula. Kwa mjomba wa Mwanaidi nimekula."

Akahangaika na kandambili yake kwa muda mrefu, kama haimtoshi.

"Na kwangu, mwanangu?"

Binti alimsogezea kandambili kwa mguu, ikakaa sawa, akamshika kiwiko ili asianguke.

"Kwako bado, baba."